Simu ya mezani ya intaneti kwa mama, Ngamiani: mwaka na nusu nikiwa nayo

Mwenye kuitumia si mie, ni mama. Ana miaka 76, anakaa Ngamiani kwenye nyumba ileile aliyoletwa akiwa bibi harusi, na simu za kupangusa zimemshinda. Si kwamba hajui. Vidole vimekauka kwa miaka ya kukuna nazi na kusuka ukili, kioo hakivitambui. Akigusa kitufe cha kijani hakuna kitu, akikandamiza kwa hasira simu inakata. Dada yangu aliye Leicester alikuwa akipiga WhatsApp mara nne, mara ya tano ananipigia mie: "Hebu kamwangalie mama." Napanda baiskeli kutoka Chumbageni, nafika namkuta barazani mzima wa afya anachambua mchele, na simu iko kwenye pindo la kanga, imewekwa kindege.

Kiswaswadu anacho pia, na anakipokea bila shida. Ila kupiga namba ya mkononi ya Tanzania kutoka Uingereza kwa laini ya kawaida ni kuchoma pesa. Kaka aliye Muscat ndiyo usiseme, kwake simu za WhatsApp zinazuiwa. Walioko nje wakawa wanampata mama kupitia kwangu, na mie nina kazi zangu.

Wazo lilitoka kwa dada. Uingereza wanauzima mtandao wa simu za waya wa shaba, mwisho wake umepangwa Januari 2027, na yeye alishahamishwa: simu yake ya mezani siku hizi inachomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani. Akaniuliza, "Nikiibeba nikaja kuichomeka Tanga, itajua kwamba imehama?" Ya kwake haihamishiki, kampuni yake imeifunga kwenye ruta yao wenyewe. Lakini zipo kampuni zinazokuuzia namba peke yake, uipeleke utakako. Akanunua namba ya Leicester, ya 0116, kwa chini ya pauni tano kwa mwezi. Mie nikaagiza kile kisanduku cha kuunganisha simu na ruta, adapta yenyewe, kwa laki moja na ushee.

Kwa asiyeelewa mchezo wenyewe: namba haikai kwenye waya tena, inakaa kwenye akaunti. Adapta ina tundu moja la waya wa mtandao na jingine la waya mwembamba wa simu. Ukiiwasha inakwenda kujitambulisha kwa mtambo wa kampuni kwa jina na nywila, kama vile unavyofungua barua pepe. Mtambo ukishajua ilipo, mtu akipiga 0116 huko Leicester, simu inaita Ngamiani. Kwa dada hiyo ni simu ya ndani ya nchi, imo kwenye dakika anazolipia kila mwezi. Kaka naye akipiga kutoka Muscat anatozwa bei ya kupiga simu ya mezani ya Uingereza, ambayo kwa mtandao wake ni rahisi kuliko ya kupiga namba ya mkononi ya Bongo.

Simu yenyewe sikununua. Ilikuwepo. Ile nyeusi ya kuzungusha ya marehemu baba, ya enzi za Posta na Simu kabla hawajatenganishwa mwaka 1994, ilikuwa imekaa miaka juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma. Waya wake wa nje ulishaibwa zamani. Nikapangusa vumbi, nikachomeka, nikamwambia dada apige. Ikaita! Sauti yake dhaifu, kama kengele ya baiskeli iliyoingia kutu, kwa sababu kengele za simu zile zinataka nguvu nyingi na adapta hizi ndogo zinatoa kidogo. Ila iliita. Mama akaja kutoka uani mbio, mikono ina unga, akanyanyua mkonga na kusema kama alivyokuwa akisema mwaka 1985: "Hallo, nani mwenzangu?" Dada upande wa pili akashindwa kusema.

Siku hiyo ningeipa nyota tano. Wiki iliyofuata ningeipa moja, na hiyo moja kwa huruma.

Nilikuwa nimeiunganisha kwenye ruta ya laini ya simu, ile ya bando la mwezi. Alfajiri sauti safi. Ikifika saa mbili usiku, Tanga nzima iko mtandaoni, sauti ya dada inakuja vipande vipande kama redio ya mbao inayotafuta stesheni. Nilidhani bando ni dogo. Sivyo. Simu hizi hazili data: kwa mpangilio wa kawaida wa kupakia sauti, ule wanaouita G.711, ni kama MB 78 kwa saa nzima ya maongezi, kwenda na kurudi. Ukibadilisha kwenda G.729 inashuka hadi MB 28 hivi, sauti ikiwa nyembamba kidogo. Nilibadilisha, ikasaidia kiasi. Shida haikuwa wingi wa data, ilikuwa ni mpangilio wa kufika kwake. Video ikikwama inasubiri, inajaza, inaendelea. Maongezi hayawezi kusubiri. Kipande cha sauti kilichochelewa kinatupwa, na wewe unasikia shimo.

Halafu likaja jingine, la ajabu zaidi. Mama anamsikia dada, dada hamsikii mama. Siku tatu mama anamwambia "nakusikia, mwanangu, nakusikia" na mwenziwe anapiga kelele hallo hallo. Niliwaandikia kampuni ya simu, wakanijibu kwa Kiingereza kizuri sana kwamba kwao kila kitu kiko sawa. Nikawapigia wenye intaneti, wakasema intaneti iko sawa. Kijana mmoja fundi wa kompyuta pale karibu na stendi ndiye aliyenitoa. Aliingia kwenye ruta, akatafuta kitu kinaitwa SIP ALG, akakizima. Basi. Alisema kimewekwa ili kuzisaidia simu hizi na mara nyingi ndicho kinachoziharibu, kinachokorofisha anwani ndani ya ujumbe wa simu mpaka sauti ya upande mmoja inapelekwa kusikojulikana. Akataka elfu tano, nikampa kumi.

Akafanya na jambo la pili ambalo nisingelijua. Ruta ile ilikuwa ikibadilishiwa anwani na mtandao kila mara, na adapta ilikuwa imepangwa kujitambulisha upya baada ya saa nzima. Katikati hapo mtambo wa Uingereza unaitafuta mahali ambapo haipo tena. Simu inaonekana nzima, taa ya kijani inawaka, na haiiti. Akaiweka ijitambulishe kila baada ya dakika mbili. Ukinunua kitu hiki, angalia hilo kabla hujailaumu kampuni.

Faiba, intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, ilipofika mtaani kwetu nilihama bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo naweza kusema nilianza kuihukumu simu yenyewe badala ya mtandao. Nimepima: kutoka Tanga hadi mtambo wa Uingereza na kurudi ni milisekunde 170 na kitu. Wataalamu wa mawasiliano wa kimataifa wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja, na njia moja kwetu ni kama nusu ya ile niliyopima, kwa hiyo kwa dada tumo ndani, huhisi kitu. Kwa kaka ni hadithi nyingine. Yuko Muscat, saa moja tu mbele yetu, lakini sauti yake inapanda mpaka Uingereza kisha inateremka Ngamiani. Wanaingiliana. Mama kajitungia dawa: akimaliza kusema anasema "haya", ndipo kaka anaanza. Ukiwasikiliza utadhani askari wa redio kol.

Mwangwi pia ulikuwepo, dada akijisikia mwenyewe anavyosema. Niliteremsha nguvu ya sauti ya spika ndani ya adapta, ukaisha. Dakika tano.

Sasa umeme. Hapa mama ananishinda hoja kila siku. "Ile ya baba yako umeme ukikatika ilikuwa inaita." Kweli tupu. Simu ya waya wa shaba ilikuwa inaletewa umeme wake na waya huohuo kutoka kwenye kituo cha kampuni ya simu, volti 48, betri ziko kwao. Nyumba nzima giza, simu hai. Hii ya sasa inataka umeme wa adapta, wa ruta, na wa kile kisanduku cha faiba ukutani. Kimoja kikizimika, umekwisha. Nilinunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ya volti 12, inavishikilia vyote vitatu kwa saa tatu hivi. Umeme ukikatika kutwa, imekula kwetu. Na siku LUKU ilipoisha usiku mama hakusema, akalala, dada kule akapata presha ya bure.

Kero ambayo sikuitarajia ni matapeli. Namba ya Uingereza ni namba ya Uingereza, na wanaopigia watu huko wakijidai ni wa benki au wa kompyuta hawajui kwamba hii imo Ngamiani. Wanaanza jioni ya kwao, kwetu ni saa mbili, saa tatu usiku. Mama hajui Kiingereza. Anapokea, "nani mwenzangu?", jamaa anamwaga maneno, mama anamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha anamwambia karibu chai. Mmoja alipiga mara nne, nadhani alipenda. Tulicheka wiki nzima, lakini ilipofika saa sita usiku siku moja tukaacha kucheka. Kwenye akaunti kuna mahali pa kuweka namba zinazoruhusiwa tu, zingine zinakutana na mlio wa simu inayotumika. Dada kaweka namba 11. Tangu hapo kimya.

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Tanzania nzima intaneti ikazorota kwa siku kadhaa. Simu ya mama ilikufa kabisa siku hizo, na kiswaswadu kikafanya kazi yake. Ndiyo maana kiswaswadu hakikuondoka nyumbani na hakitaondoka. Nasisitiza hili kwa yeyote mwenye mzazi: simu ya namba ya nje usiihesabu kwa dharura. Ukipiga 112 ya polisi au 114 ya zimamoto kwenye simu ya namna hii, mtambo unaopokea uko Ulaya, haujui Ngamiani ni wapi. Namba zile ziandikwe kwenye karatasi kubwa kando ya kiswaswadu. Kwetu imebandikwa juu ya swichi ya taa.

Na kupiga kutoka kwenye simu hii, usithubutu. Kupiga namba ya jirani wa pili kwa laini hii kunahesabiwa ni simu ya kimataifa kutoka Uingereza kuja Tanzania, na bei yake ni hiyohiyo iliyotukimbiza mwanzo. Salio la majaribio tuliloweka lilikwisha kwa simu mbili nilizojipigia mwenyewe. Kupokea ndiyo kazi yake. Kwa kupokea, ukiwa na faiba na betri, naipa nyota nne. Kwa ruta ya laini na bila betri, mbili, na usimnunulie mgonjwa.

Lipo moja limebaki. Mama anajaribu kuizungusha. Jioni anakaa pale, anaweka kidole kwenye tundu, anazungusha namba ya zamani ya rafiki yake wa Makorora, anasikiliza, anarudisha mkonga chini. Adapta yetu inaelewa milio ya vitufe tu. Simu ya kuzungusha haitoi milio, inakatakata umeme wa waya, pigo moja kwa moja, pigo tisa kwa tisa, na kisanduku hakijui kuyahesabu. Yule kijana wa stendi ameniambia zipo adapta zinazoelewa mapigo, anaweza kuniagizia. Nimemwambia asubiri. Kwa bei ile ya kupiga, afadhali isielewe.