Kompyuta Mpakato Tatu kwa Mnunuzi Mmoja: Bei ya Kununulia na Gharama ya Kukaa Nayo

Mtu mwenye fedha za kuhesabu anayetafuta kompyuta mpakato hujikuta akipima kati ya mpya ya bei ya chini kabisa, ThinkPad T480 ya Lenovo ya mtumba, na MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, ambayo hata ikiwa imetumika kwa kawaida huizidi T480 kwa bei. Kwa maoni yangu, mara nyingi ile mpya ndiyo inayomgharimu zaidi.

Nyingi za daraja hilo la mpya za bei ya chini huja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, aina ya bei nafuu na ya polepole, ya GB 64, kiasi ambacho ndicho cha chini kabisa kinachotakiwa na Microsoft ili Windows 11 isakinishwe. Kusakinishwa ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine: fungua kivinjari chenye kurasa kadhaa pamoja na waraka mmoja, nayo itaanza kusuasua. Kwa kuwa RAM na hifadhi aghalabu zimelehemiwa kwenye bodi, mwenye mali hana njia isipokuwa kuvumilia au kununua nyingine.

T480 ilitoka mwaka 2018. Nyingi zina prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8, ambayo inakubaliwa na Windows 11, na hilo si dogo baada ya Microsoft kusitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukilegeza skrubu na kubandua mfuniko wa chini, unakutana na nafasi mbili za RAM, hivyo anayeanza na GB 8 anaweza kuongeza baadaye atakapojaliwa. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ya nyuma hubadilishwa bila kuzima mashine. Ile kubwa ya Wh 72 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri) huinua sehemu ya nyuma na kuongeza uzito, lakini kwa anayefanya kazi mbali na umeme huo ni mzigo unaobebeka. Udhaifu wake uko kwenye kioo, kwani matoleo mengi yana rangi zilizofifia.

MacBook Air, ya Novemba 2020, haina feni, ni nyepesi, na Apple iliitangaza kuwa inadumu hadi saa 15 za kuperuzi intaneti. Kwa utulivu na kasi, T480 haiifikii. Hata hivyo, RAM yake ya GB 8 haiongezeki kamwe, na inakubali skrini moja tu ya nje. Anayehariri video aichukue bila kusita. Anayeandika, kukokotoa hesabu na kusoma anatoshelezwa na T480, na chenji ikanunue SSD (hifadhi ya kasi) kubwa.

Kabla ya kulipa, iwashe T480 na kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows kuwaka), kwa sababu mashine zilizotoka maofisini wakati mwingine huwa bado zina nenosiri la msimamizi; kwa MacBook, hakikisha mwenye mali wa awali ameiondoa kwenye akaunti yake.