Nimenunua pete ya almasi Arusha, habari ya karati nimeielewa pale pale dukani

Wadau, mwezi uliopita nimenunua pete ya uchumba kwenye duka dogo la ghorofani karibu na Clock Tower, na nimeona niandike maana yule dada wa pale kaniokolea hela nyingi sana.

Nilianzia duka jingine hapa hapa mjini, wakanionyesha pete wakasema hii ni karati moja, na kweli inawaka, nikakaribia kabisa kutoa advansi. Kumbe hiyo karati moja ni jumla ya jiwe la katikati na vile vidogo vyote vya pembeni, jiwe lenyewe nusu karati halifiki, na hawakusema mpaka nilipodai cheti. Iliniuma aisee, mtu unajichanga mwaka mzima.

Huyu dada yeye alianza mwanzo kabisa. Karati ya dhahabu inaongelea usafi, ile 18 au 24, ila ya almasi ni uzito tu, gramu 0.2, yaani mawe matano ya karati moja moja ndo yanafika gramu 1. Karati moja ni pointi 100, ukisikia jiwe la pointi 50 ujue nusu karati. Halafu akafungua vikaratasi viwili, kila kimoja na almasi yake, akapima mbele yangu kwenye mzani mdogo wenye kifuniko cha kioo, jiwe moja likasoma karati 1.02 lingine 0.92, akayachanganya akaniambia kaka chagua kwa macho lipi kubwa. Nikachagua, likawa lile la 0.92! Akachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, kumbe hilo lina upana wa milimita 6.3 na lile zito milimita 6.1, maana limekatwa likaachiwa tumbo chini, uzito umejificha huko ambako pete ikishavaliwa hakuna anayeona, na katikati lina kagiza fulani hivi. Na kwa vile hilo zito limevuka karati 1, bei ya kila karati inapanda ghafla, kwa hiyo unalipia tumbo.

Kingine, msidhani karati 2 inaonekana mara mbili ya karati 1, ya mviringo iliyokatwa vizuri inatoka kama milimita 6.5 inaenda 8 na kidogo basi, wakati bei inapaa zaidi ya mara mbili. Na sisi tuliozoea tanzanaiti ya Mirerani tusilinganishe kwa macho, tanzanaiti ni nyepesi kidogo, karati moja yake ikikatwa vile vile inaonekana kubwa zaidi.

Nikachukua la 0.92, namba ya cheti imeandikwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, nilisoma mwenyewe kwa kile kioo chao cha kukuzia, tarakimu moja moja.

Ubaya wao ni muda, kufunga jiwe kwenye pete waliniambia siku nne zikawa tisa, na ngazi za kupandia zina giza. Mchumba kidole chake chembamba, pete imemkaa vizuri mno, anaiangalia kila akishika usukani.