Waya wa Mita 5 wa Kuunganisha Kamera na Kompyuta: Tathmini Baada ya Miezi Minne ya Kazi

Waya huu niliununua kwa hasira. Kwa majuma kadhaa kamera yangu ilikuwa ikijitenga na kompyuta katikati ya kazi: picha mbili tatu zinaingia vizuri, ya nne inakwama, kisha programu ya kupigia picha kwenye kompyuta inatangaza kwamba hakuna kamera iliyounganishwa, ilhali kamera iko palepale juu ya stendi na mteja amesimama nyuma yangu akiitazama skrini tupu. Kila niliyemweleza alinipa jibu lilelile, nibadilishe waya. Nikabadilisha. Ninayoyaandika hapa yanahusu waya huo, lakini siwezi kuupima kwa haki bila kutenganisha hitilafu ulizoziondoa na zile ambazo hazikuwa zake tangu mwanzo, kwa kuwa katika kazi hii waya ndio unaoshtakiwa kwanza, na mara nyingine ndio unaosifiwa kwa jambo ambalo haukulitenda.

Ni waya wa USB wenye kichwa cha aina ya C kila upande, ganda la rangi ya chungwa iliyokolea, na kijisanduku kidogo karibu na ncha moja, ambamo mna saketi ya kukuza ishara. Rangi hiyo si pambo, kwani sakafu ya studio ina giza na watu wanapita huku na huku wakitazama taa badala ya miguu yao. Ganda ni laini, halikumbuki mikunjo, na vichwa vinaingia kwenye matundu kwa kubana bila kulegalega. Kasoro kubwa ya umbo lake ni kwamba ncha yenye kijisanduku lazima iwe upande wa kompyuta, na alama inayoeleza hivyo imechapwa kwa herufi za kijivu juu ya plastiki nyeusi. Siku ya kwanza niliugeuza bila kujua, kamera haikuonekana kabisa, nami nikakaribia kuurudisha dukani. Sasa nimeizungushia ncha hiyo utepe mweupe, kazi ambayo mtengenezaji angeweza kunifanyia.

Sababu ya kuwapo kwa saketi hiyo inafaa kueleweka kabla ya kutoa fedha. Waya wa kawaida wa USB 2.0, ambao unapitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, unaruhusiwa kufika mita 5. Lakini kwa USB 3, yenye kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, waya usio na saketi unaanza kupoteza ishara karibu na mita 3. Hapo awali nilikuwa nimeunga waya wa mita 2 na kirefusho cha mita 3, nikidhani kwamba mita ni mita. Kumbe kila kiungo ni mahali pengine pa ishara kudhoofika na pa kichwa kuchomoka nusu, na hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu mambo yanakwenda sawa unapojaribu na yanaharibika unapofanya kazi. Waya huu mpya uliiondoa hitilafu hiyo siku ileile. Faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata) ya kamera ya megapikseli 45 hufikia takribani megabaiti 50. Kwa USB 2.0, hata ukipiga hesabu ya karatasini tu, faili hiyo inahitaji karibu sekunde nzima kuvuka, na katika hali halisi inachukua zaidi. Kwa waya huu picha inatokea kwenye skrini kabla mwanamitindo hajabadilisha mkao, na kinachosubiriwa sasa ni programu kuichora picha hiyo.

Hata hivyo kukatika hakukuisha, ila kulibadilika sura. Awali kamera ilijitenga wakati wowote. Sasa ilijitenga kila mara baada ya kituo kirefu, yaani wakati mpambaji anapanga upya meza na hakuna anayegusa kitufe cha kupigia picha. Hilo lilinifundisha kuuliza hitilafu inatokea lini kabla ya kuuliza inatoka wapi. Kamera inayokatika unapoisogeza ina tatizo la kichwa cha waya au tundu. Ile inayokatika katikati ya mfululizo wa picha inalemewa na wingi wa data au inakosa umeme wa kutosha, na ile inayopotea mkiwa mmetulia, karibu daima, kuna kifaa kimojawapo kilichokwenda kulala.

Kwangu vilikuwa vimelala vyote viwili. Kamera ilikuwa imewekwa ijizime baada ya dakika chache ili kutunza betri, mpangilio ambao unafaa barabarani na haufai studioni. Upande wa kompyuta, Windows ina desturi ya kukata umeme wa tundu la USB lisilotumika, na ruhusa hiyo inapatikana katika sehemu mbili: kwenye mipangilio ya umeme, na kwenye orodha ya vifaa, ambako kila kitovu cha USB (hub, kinachogawa tundu moja kuwa mengi) kina kisanduku cha tiki kinachoiruhusu kompyuta kukizima. Niliondoa tiki hizo, nikaizuia kamera kujizima, na tangu hapo vituo virefu havijanikatia kazi. Hakuna waya wowote, hata uwe wa bei gani, ambao ungenifanyia hivyo.

Nilipouhamishia waya kwenye kompyuta ya mwenzangu inayotumia macOS, tatizo lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Kamera ilionekana katika taarifa ya mfumo, lakini programu ya kupigia picha ilisema haioni kitu. Kamera nyingi huzungumza na kompyuta kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo PTP, na katika mazungumzo hayo kamera hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu za Photos na Image Capture, zinazokuja na macOS yenyewe, hupenda kuirukia kamera mara inapochomekwa, na ikishashikwa, programu yako inabaki mlangoni. Tulizifunga zote mbili, tukachomoa waya, tukauchomeka tena, na kazi ikaendelea. Wanaotumia gPhoto2, programu ya kuongoza kamera, kwenye Linux wanaijua hadithi hii kwa jina lingine, kwa kuwa huko ni huduma ya gvfs, inayofungua vifaa vinavyochomekwa, inayowahi kuishika kamera. Kufungua programu mbili za kupigia picha kwa pamoja huleta ugomvi uleule.

Tukio hilo ndilo lililonipa kipimo ninachokitumia sasa kabla ya kuunyooshea waya kidole: je, mfumo endeshi wenyewe unaiona kamera? Ikiwa hauioni, basi kosa liko katika waya, tundu, au mipangilio ya kamera yenyewe, kwa mfano imewekwa ijionyeshe kama diski ya kuhifadhia faili badala ya kuongozwa na kompyuta, au Wi-Fi yake imewashwa, jambo ambalo katika baadhi ya kamera huzima mawasiliano ya USB. Ikiwa mfumo unaiona lakini programu haiioni, waya hauna hatia. Tazama kama kuna programu nyingine iliyoishika, au kama toleo lako la programu lilitoka kabla ya kamera yako kuingia sokoni na hivyo halijui namna ya kuzungumza nayo. Nimeona mtu akinunua nyaya tatu kwa ajili ya kamera mpya ambayo ilihitaji tu programu isasishwe.

Umeme nao una mambo yake. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500 na la USB 3 miliampea 900, na kiasi hicho wanakigombania kamera inayotaka kuchaji betri yake na saketi iliyomo ndani ya waya huu, ambayo nayo inakula kutoka humohumo. Nilipouchomeka kwenye tundu la nyuma ya skrini ya mezani, kamera ilikuwa ikitokea na kupotea. Nilipouchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato, ilitulia. Mtengenezaji anasema katika karatasi ya maelezo kwamba waya unafanya kazi na kitovu chochote. Kwa uzoefu wangu, kauli hiyo ni ya kweli kwa kitovu chenye adapta yake ya umeme tu. Kuna kamera zinazokuruhusu kuzima uchaji kupitia USB, nami nakushauri uuzime kisha utumie betri iliyojaa au betri bandia inayochomekwa ukutani.

Lawama yangu ya mwisho ni kwamba pakiti haina kibanio cha kuufunga waya kwenye kamera. Kwa urefu wa mita 5 uzito wote wa waya unaning'inia kwenye tundu dogo lililolehemiwa kwenye bodi ya kamera, na mtu akijikwaa, kinachovunjika ni hilo tundu, si waya. Nimenunua kibanio kando, lakini kwa waya unaouzwa mahususi kwa wapiga picha, kukikosa ni uzembe.

Kwa anayezunguka na kamera mkononi studioni, au anayeiweka juu kabisa ya stendi mbali na meza ya kompyuta, nampendekezea waya huu bila kusita, mradi aanze kwa kuizuia kamera na kompyuta visilale. Kwa anayepiga picha za bidhaa mezani, kompyuta ikiwa hatua moja kutoka kwenye kamera, urefu huu ni mzigo; waya wa USB 3 wa mita 2 usio na saketi yoyote utamfaa zaidi na una vitu vichache vya kuharibika. Mimi mwenyewe ninao waya mfupi wa namna hiyo ndani ya mfuko wa kamera. Kamera ikijitenga, huuchomoa huu wa chungwa, nikaweka ule mfupi, nikapiga picha kumi. Zikikatika tena, huurudisha wa chungwa mahali pake na kuanza kuikagua kompyuta.