Tangi la tope la maji taka Mombasa: lipi ninunue, lipi niache

Ukienda kukagua tangi la tope, usianze chini. Tangi hili huliwa kutoka juu: kwenye dari, na kwenye ule ukanda wa ukuta ambao tope haliufikii. Mnunuzi anayebishana na muuzaji juu ya unene wa sakafu anabishania mahali salama kuliko pote.

Tope likikaa bila hewa, bakteria waliomo hula salfeti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini, na kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda, hukutana na unyevu ulionata darini, na bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Hapo pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, huweza kufika 2, na hata chini zaidi. Saruji hulainika kama jibini na chuma hutafunwa, huku upande ulio ndani ya tope ukibaki karibu mzima.

Sasa tia chumvi ya Mombasa. Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayatoshi, kwa hiyo vyoo vingi hupigwa maji ya kisima. Maji ya bahari yana takriban miligramu 2,700 za salfeti na 19,000 za kloraidi kwa lita. Kisima chako kikiingiwa na bahari sehemu moja tu kati ya kumi, una salfeti kama 270 na kloraidi 1,900. Salfeti hiyo ni chakula cha wale bakteria. Kloraidi itatuonyesha makali yake tukifika kwenye stenlesi. Kwa hiyo kabla ya kuomba bei kwa yeyote, peleka maji ya kisima na maji taka maabara wapime vitu hivyo viwili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na tangi.

Kwa kituo kidogo cha kusafisha maji taka, tuseme hoteli ya Bamburi au nyumba za kupanga za Nyali zenye mtambo wao, na tangi lisilozidi lita 20,000 hivi, namba moja ni plastiki ya polithilini. Asidi hii haiiwezi, chumvi haiijui. Lakini usichukue lile tangi la maji ya mvua linalouzwa barabarani. Hilo limepigiwa hesabu ya maji. Tope lililotulia na mchanga wake ni zito zaidi, kwa hiyo muulize muuzaji tangi limeundwa kwa uzito linganifu gani, yaani kitu kizito mara ngapi kuliko maji, na uchukue la 1.5. Litake liwe na kitako cha koni, maana kwenye kitako bapa tope hujenga kilima ambacho eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, haikifikii. Kichanganyio kisining'inizwe kwenye paa la plastiki. Kiwe na fremu yake ya kusimamia.

Ukilifukia, kuna balaa jingine. Masika maji ya ardhini hupanda, eksosta huja kunyonya, na tangi tupu la lita 10,000 husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani kumi. Linachomoka na mabomba yake. Lifungwe kwa mikanda kwenye bamba la zege, au liwekwe juu ya ardhi na hadithi iishe.

Kwa kituo kikubwa, ningenunua chuma kilichookewa kioo. Bamba za chuma hunyunyiziwa unga wa kioo na kutiwa tanurini kwa joto la zaidi ya nyuzi 800, kioo kikashikana na chuma kikawa kitu kimoja. Huja kwenye kontena zikiwa vipande. Mafundi huanza na paa, hulinyanyua kwa jeki, hufunga pete inayofuata chini yake, wakaendelea hivyo mpaka ukuta ukamilike. Kazi inayopendeza kutazama. Ubovu wake uko kwenye kingo za bamba, matundu ya bolti na mahali palipogongwa wakati wa kushusha mzigo. Kioo kikibanduka kiasi cha ukucha, asidi imepata mlango. Kwa hiyo vichwa vya bolti vya ndani viwe vimevikwa plastiki, matundu yote ya mabomba yatobolewe kiwandani, na pasiwe na fundi wa kutoboa lake pale kwenye saiti eti bomba limesahaulika. Kiwango cha kutaja kwenye zabuni ni ISO 28765. Na paa liwe la daraja lile lile la ukuta. Wauzaji hupenda kupunguza bei hapo, na hapo ndipo panapoliwa.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi, inafuata, na kwa ukubwa wa kati inaweza hata kukipiku chuma cha kioo kwa bei. Kila kitu kinategemea gundi iliyomo ndani. Gundi ya vinili esta ndiyo unayoitaka upande unaokutana na gesi. Ile ya bei rahisi ya othofthaliki iachie matangi ya maji. Muombe fundi akuonyeshe kipande kilichokatwa: upande wa ndani pawe na tabaka laini la gundi tupu, nyuzi zisionekane. Nyuzi zikiwa wazi zitafyonza asidi taratibu mpaka ukuta ufunguke kama kurasa. Kama unapeleka tangi zima Diani, panga mapema kama litavuka feri ya Likoni au litazunguka Dongo Kundu.

Zege ni namba tatu, kwa sharti moja: livikwe ngozi ya ndani, ya plastiki nene iliyomwagiwa pamoja na zege au epoksi iliyopakwa na mtu anayejua kazi, hadi darini. Utaambiwa saruji ya kuhimili salfeti inatosha. Haitoshi. Saruji hiyo huhimili chumvi za salfeti zilizo ardhini. Asidi huyeyusha saruji ya aina yoyote, na ikifika kwenye nondo huna tangi tena. Faida ya zege ni kwamba mafundi wapo na kokoto iko.

Chuma cha epoksi kinakuja nyuma yake. Ni kizuri kikiwa kipya, lakini kinadai uangalizi, na ukitazama vituo vyetu vingi, mtu wa kupanda juu kila mwaka na tochi hayupo.

Stenlesi huwavutia mameneja kwa kung'aa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba aina ya 304 isipite miligramu 200 za kloraidi kwa lita, na 316 isipite 1,000. Rudi kwenye ile hesabu ya kisima: 1,900. Itatobolewa vijitundu vya sindano huku kwingine kote ikimeremeta. Kama unatumia maji matamu pekee na umeyapima, 316 ni sawa.

Galvanaizi, hapana. Zinki na asidi havikai nyumba moja.

Kwenye mkataba andika kwamba kipimo cha cheche za umeme, kinachofichua matundu kwenye kioo au epoksi, kirudiwe hapa hapa baada ya kufunga, si kiwandani tu, nawe uwepo. Andika kwamba bomba la kupumulia litoke na kichujio cha makaa, la sivyo gesi itatafuna vifuniko na nyaya za majirani zake. Andika pia kwamba vali, kipimo cha kina na kichanganyio vyote viweze kutolewa kutoka nje, bila mtu kuingia ndani. Hidrojeni salfaidi ikifika sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo aliyemo humo hudhani harufu imeisha. Mwisho soma dhamana: ikiwa inataja maji safi tu, irudishe waongeze tope la maji taka na sehemu ya juu yenye gesi, ndipo utie sahihi.