Prednisoloni ya miligramu 5: dawa nzuri inayotolewa bila maelezo

Nimetumia vidonge vya prednisoloni vya miligramu 5 kwa muda wa kutosha kuweza kuvitolea tathmini ya haki. Daktari alinianzishia kwa sababu ya baridi yabisi, ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inapovishambulia viungo vya mwili huo huo, na ninachotathmini hapa ni mambo mawili ambayo mgonjwa anapaswa kuyapokea kwa pamoja: dawa yenyewe, na maelezo ya namna ya kuitumia. Dawa naisifu bila kusita. Maelezo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kabla ya kuanza dawa, kila asubuhi vidole vyangu vilikuwa vikikakamaa kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya shati. Siku chache baada ya dozi ya kwanza uvimbe ulishuka, na mikono ikaanza kukunjika. Dawa za jamii ya kortikosteroidi, ambamo prednisoloni imo, ziliushangaza ulimwengu kwa namna hiyo hiyo tangu mwanzo: mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walimdunga kotisoni, dawa ya jamii hiyo, mwanamke mwenye ugonjwa huu, aliyekuwa akitembea kwa taabu kubwa, na baada ya siku chache akawa anatembea vizuri; mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Prednisoloni ilikuja miaka michache baadaye ikiwa na nguvu zaidi, kwani miligramu 5 zake hufanya kazi ya miligramu 20 za haidrokotisoni, dawa nyingine ya jamii hiyo. Hata hivyo, haiponyi baridi yabisi. Hutuliza uvimbe wakati dawa za msingi kama methotreksati, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, zikijijenga mwilini, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo huona nafuu ya haraka akadhani amekwisha kupona.

Vidonge nilivyopewa mara ya kwanza vilihesabiwa na kutiwa kwenye bahasha, juu yake pakaandikwa idadi ya kumeza kwa siku, basi. Hapakuwa na karatasi ya maelezo, wala neno lolote la onyo. Ilibidi nirudi kuuliza, na mfamasia aliyekuwa zamu, ambaye namshukuru hadi leo, akanieleza jambo ambalo naamini hakuna mtu anayepaswa kuondoka dirishani bila kulisikia: dawa hii isiachwe ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Juu ya figo kuna tezi za adrenali, ambazo hutengeneza kortisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili homa, majeraha na misukosuko mingine. Mtu akimeza prednisoloni kila siku, ubongo huona homoni ya aina hiyo imejaa kwenye damu, ukaacha kuziagiza tezi zifanye kazi, na matumizi yakizidi wiki tatu hivi tezi hizo huweza kuzubaa. Akiacha vidonge ghafla kwa kuwa anajisikia vizuri, hubaki hana homoni ya dukani wala ya mwili wake, na hapo huja uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kushuka kwa shinikizo la damu, hali ambayo isipotibiwa haraka huua. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua, wakati mwingine kwa miezi. Aliyepewa dozi ya siku tano hadi saba kwa ajili ya shambulio la pumu kwa kawaida huacha bila kupunguza, na ni sahihi kwake, lakini ushauri wake haumfai mtu wa matumizi marefu. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia kwa muda mrefu akipata homa kali au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, dozi yake huenda ikahitaji kuongezwa. Na akitapika vidonge vyote inafaa awahi hospitali apate sindano. Mimi hutembea na kadi inayotaja dawa na dozi, ili hata nikizimia atakayenihudumia ajue.

Katika matumizi ya kila siku vidonge hivi havisumbui sana. Ni vichungu ajabu vikigusa ulimi, kwa hiyo nameza kwa maji mengi mara baada ya kifungua kinywa. Asubuhi ndiyo saa inayofaa, kwa kuwa ndipo kortisoli ya mwili hupanda kwa kawaida, na dozi ya jioni huweza kumnyima mtu usingizi. Kuna aina nyingine iliyofunikwa kwa utando ili isiyeyukie tumboni. Hiyo haikatwi wala haisagwi. Njaa huongezeka sana, na nimelazimika kujiwekea mipaka ya chakula.

Madhara makubwa hutegemea dozi na muda: sukari na shinikizo la damu kupanda, mifupa kupoteza uimara, ngozi kuwa nyembamba, mtoto wa jicho, presha ya macho. Haya yote hupimika, na ni haki ya mgonjwa kuuliza atapimwa lini. Kinachonitia hofu zaidi ni maambukizi, kwa sababu dawa inayotuliza uvimbe hupunguza pia dalili zake, na kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka huku homa ikiwa ndogo. Asiyewahi kuugua tetekuwanga ajitenge na mwenye nayo; chanjo za virusi hai zisitolewe bila daktari kujua dozi; dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisichanganywe na vidonge hivi kiholela, kwani kwa pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Wapo wanaovinunua ili wanenepe. Inaniuma, maana unene huo ni mafuta na maji yaliyokusanyika usoni na tumboni, huku misuli ya mapaja na mabega ikiisha. Hata katika ugonjwa mkali dawa za jamii hii zina mahali pake: utafiti wa RECOVERY wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia, lakini haikuwafaidi wasiohitaji oksijeni.

Dawa naipa alama tano kati ya tano, na namna ilivyonifikia mkononi naipa moja. Onyo la kutoacha ghafla lingechapishwa kwenye kila ukanda wa vidonge, lisitegemee bahasha wala uchangamfu wa muuzaji. Vidonge vya miligramu 1 navyo viwekwe pamoja na hivi vya 5, kwa sababu hatua za mwisho za kupunguza, chini ya miligramu 5, ndizo zinazohitaji umakini mkubwa, na nusu ya kidonge kilichomeguka kwa kisu haiwi nusu kamili.