Muziki wa filamu: utungwe kabla ya kupiga picha au baada ya kuhariri?

Waongozaji wengi humwita mtunzi picha zikiwa zimeshahaririwa, na wana sababu nzito. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika hutoa pigo moja kila baada ya picha 12. Mtunzi akishajua mlango unafunguka wapi hasa, huchagua mwendo utakaofanya pigo liangukie papo hapo. Studioni wapigaji huvaa visikilizio vyenye mlio wa kuhesabia, na kila noti hukaa mahali pake. Tatizo ni pale mhariri anapokata sekunde mbili baada ya kurekodi: mapigo manne yametoweka, na wimbo unachechemea.

Kutunga mapema ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mtunzi Ennio Morricone alimtungia mwongozaji Sergio Leone muziki wa filamu yake ya mwaka 1968 kabla ya kamera kuanza kazi, na Leone akaupiga muziki huo wakati waigizaji wakiwa kazini. Hatua za mwigizaji zikaufuata muziki. Naipenda sana njia hii, maana mtunzi anapata nafasi ya kuutafuta wimbo wenyewe bila kukimbizana na tarehe ya mwisho. Kwa filamu ya mapigano yenye mikato ya haraka, hata hivyo, ni kubahatisha tu.

Mwenye bajeti ndogo namshauri atunge wimbo mkuu mapema, kisha asubiri uhariri ukamilike ndipo alipie studio.