Dawa ya kulaza samaki: unga niliouziwa bila neno la soda

Hasira bado haijanitoka. Nafuga perege, na nikitaka kuchagua majike ya kuzalisha lazima niwashike na kuwapima mmoja mmoja. Samaki akipapatika mkononi hupukutisha magamba na kupoteza ute, siku chache baadaye utaona ukungu umeota pale pale. Kwa hiyo nawalaza kwanza. Nilizoea mafuta ya karafuu mpaka muuzaji mmoja akanishawishi ninunue trikaini, unga mweupe unaoitwa pia MS-222.

Hakunieleza kwamba unga ule ukiingia kwenye maji huyatia asidi. Na mimi natumia maji ya mvua, ambayo hayana madini ya kuizuia. Nikapima miligramu 100 kwa kila lita kama alivyoniagiza, nikamtia jike wa kwanza. Badala ya kulegea alijirusha akagonga ukingo wa beseni, akarudi akajirusha tena. Wa pili vivyo hivyo. Nilipowatoa, matamvua yalikuwa yamejaa ute mzito. Mmoja hakuamka. Ndiye aliyekuwa jike wangu bora kuliko wote.

Mfugaji mwenzangu ndiye aliyeniuliza, "Ulitia soda?" Kumbe unga ule hupozwa kwa sodiamu baikaboneti, ile soda ya kuokea (si magadi, magadi ni makali mno), uzito sawa na wa unga au hata mara mbili yake, kisha unapima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, mpaka ifike kwenye 7. Nikampigia muuzaji. "Samaki wako walikuwa wagonjwa, ndugu yangu. Mimi nauza, sifundishi." Akakata simu.

Nikaapa kurudi kwenye karafuu. Lakini niseme haki: karafuu nayo ina shida zake. Ukiyamimina mafuta hivi hivi yanaelea juu, mpaka uyachanganye kwanza na spiriti, sehemu moja kwa tisa. Na samaki huchelewa kuamka. Nimeshawahi kuinama juu ya beseni mgongo ukaniuma, nikimsukuma samaki taratibu kwenye maji safi ili yapite kwenye matamvua.

Majuzi nikaujaribu tena ule unga, safari hii na soda. Walilala ndani ya dakika tatu, wametulia kabisa, na kabla ya dakika tano kwisha walikuwa wanaogelea. Basi unga ni bora, nakiri, ila kwa wa kuzalisha tu: Marekani samaki aliyelazwa kwa trikaini haliwi mpaka zipite siku 21.

Hata hivyo, kama huna mizani ya kupima gramu ndogo wala kipimo cha pH, baki na karafuu yako. Mimi mwenyewe ninavyo vyote viwili, na bado nikimkumbuka yule jike mkono unakwenda kwenye chupa ya karafuu. Kwa muuzaji yule sirudi.